Mbwa wa Bosi Kapanda Daraja la Tatu

Ijumaa, hapa Riyadh, mbwa wa bosi alitakiwa kuruka vizuizi vyote ili apande daraja la tatu la mashindano. Akiangusha kijiti kimoja, halas, anabaki la pili. Bosi akamjaribu kabla ya zamu yake: "Yalla, ruka!" Mbwa akakaa, akanigeukia mimi, dereva wa bosi.

"Niachie, baba," nikamwambia bosi.

"Wewe?"

"Nani humzoeza kila asubuhi?"

Zamu yetu ilipofika nikapiga paja. "Twende, mzee!" Akaruka, akapenya bomba, akapinda katikati ya vijiti. Hakugusa hata kimoja! Bosi alipiga makofi hadi kilemba chake kikaanguka.

Mwalimu wangu wa darasa la sita, uliyenifanya nirudie darasa, kama unasoma hapa: na mbwa huyu nimepanda madaraja matatu na sijarudia hata moja.