Kondo la Nyuma Kwenye Barafu ya Sangara

Dada yangu alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike, njiti kweli kweli. Alichelewa kulia. Halafu mkono na mguu wa upande mmoja vikaanza kutetemeka, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba ubongo ulikosa hewa. Sasa tuangalie kama atanyonya, akasema. Akinyonya tuna pa kuanzia. Asiponyonya, hapo daktari akanyamaza.

Mimi kunyamaza sijawahi kukuweza. Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha samaki, nakata minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mifupa na vichwa. Shule niliishia la saba. Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi na majarida yaliyokuja yamejificha ndani ya marobota ya mitumba. Katika jarida moja nilisoma kwamba wataalamu huko wanakusanya damu ya kitovu na kondo la nyuma, kwa sababu ina chembe ambazo bado hazijachagua kazi. Eti wanajaribu kuzipeleka kwenye ubongo ulioumia, zishike nafasi za zilizokufa. Niliielewa mara moja. Mwanza nzima ilikuwa na watu waliopunguzwa kazini: asubuhi anauza soksi, mchana fundi redio, jioni anatibu kuku. Kama mtu anaweza, chembe itashindwaje?

Kwa hiyo muuguzi alipouliza nani anachukua kondo likazikwe, nikanyoosha ndoo. Nilikuwa nimeshaijaza barafu ya kiwandani. Nikaipeleka chumbani kwangu, nikaisukuma chini ya kitanda, nikarudi wodini kifua mbele kusubiri daktari aje nimweleze kazi yake.

Aliyekuja kwanza ni mama mkwe wa dada, kutoka Usagara. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamwangalia mtoto, akauliza kondo liko wapi alipeleke kwao, likazikwe nyuma ya nyumba. Nikamwambia liko kwenye barafu.

"Barafu ya nini?"

"Ya samaki, mama."

Akakaa chini taratibu. "Kijana, hilo ni mwenzake mtoto. Likipata baridi, naye anapata baridi."

Nikawaka. Nilimhutubia pale kuhusu chembe, damu na ubongo, nikamwambia mambo ya kuzikazika ndiyo yanatuchelewesha sisi Waafrika, sauti ikafika mpaka kwenye korido. Mzazi wa kitanda cha pili akamuuliza jirani yake kama huyu ndiye daktari wa sangara. Nikamgeukia na yeye. Ningemaliza wodi nzima kama muuguzi asingekuja na kipimajoto, akampima mtoto, akakunja uso. Joto lilikuwa limeshuka.

Nikashika miguu ya mtoto. Baridi ile naijua, ndiyo niliyokuwa naishika kiwandani kutwa.

Jamani, nilikimbia. Nilifika chumbani nikamwaga barafu yote mlangoni, nikalifunga kondo kwenye sweta langu zuri, nikawasha jiko la mkaa nikalisogeza pembeni, si karibu sana lisije likaiva. Na muda wote huo nilikuwa najieleza kwa sauti kwamba siamini, hili ni jaribio tu la kitaalamu.

Niliporudi na furushi langu, dada alikuwa na homa, hawezi kumbeba mwanawe. Muuguzi alikuwa amemfunga mtoto kwenye kifua cha mama mkwe, ngozi kwa ngozi, kitenge juu. Daktari naye alikuwepo. Nikamwonyesha jarida. Alilisoma mpaka mwisho, kitu ambacho sikutegemea, akauliza kama nililiona neno panya. Nililiona. Nilidhani panya ni utangulizi. Akanieleza kwa upole kwamba hizo bado ni utafiti, hata huko kwao hawajafika kwenye ubongo wa mtoto, na kwenye ndoo yangu chembe zilishakufa. Tulichonacho hapa, akasema, ni joto na maziwa.

"Umesikia," mama mkwe akasema. "Joto. Sasa nenda Usagara ukazike. Mimi siwezi kutoka na huyu kifuani."

Kuzika kondo kwao ni kazi ya wanawake. Nilipofika na jembe na sweta, wanawake wa mji ule walikuja wote kunisimamia. Chimba hapa, si hapo, inama vizuri, wifi, tutakutafutia mume. Mtu mwingine angenitania hivyo tungepigana. Siku hiyo nilichimba, nikafukia, nikaomba maji ya kunawa.

Nilimkuta mama mkwe palepale, jasho linamtoka, hajasogea. Homa ya dada ilikuwa imeshuka. Wakamhamishia mtoto kwake, muuguzi akamkamulia tone la maziwa mdomoni, kama alivyokuwa akifanya bila majibu. Mdomo ukacheza. Kisha ukashika. Ukavuta.

Mama mkwe akanong'ona kwamba ni kwa kuwa amezikiwa mwenzake. Nikamnong'oneza kwamba ni joto la kifua chake, daktari kasema. Akasema, kwani kilichozikwa Usagara ni daktari? Nikaanza kupandisha sauti.

"Ninyi wawili," dada akasema, "akiachia ziwa nawafukuza wote."

Mtoto alikua. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mguu wa kulia mpaka leo unamfuata kwa kujivuta. Siku alipoanza kuvuka uwanja peke yake, jirani mmoja akasema kwa sauti kwamba huyo kilema ataolewa na nani. Nikavua shati. Nilipofika mlangoni mama mkwe alikuwa ameshanitangulia nje, na mwiko wa ugali mkononi.