Adabu ya Kugeuka Mzima

Nilipoolewa Tlawi, somo la kwanza la mama mkwe halikuwa kupika wala kukamua. Lilikuwa kugeuka. Mtu akikuita kwa nyuma, alisema, humgeuzii kichwa kama kuku aliyesikia mtama. Unageuka wewe mzima, miguu na mabega, ndipo unaitika. Yeye mwenyewe aligeuka hivyo, taratibu, na nyumba nzima ikamfuata, hata watoto wakiwa katikati ya mchezo.

Mimi ni mwalimu, niliyeletwa huku na ajira, na kila mara nilisahau. Kichwa kilitangulia, mama mkwe akabetua mdomo. Nilitaka anipende. Nilitaka sana, maana mama yangu mzazi yuko mkoa wa mbali.

Kisha shingo ikaniuma. Ulikuwa msimu wa mitihani. Nilikuwa nasahihisha madaftari mapajani, nikimaliza nainamia simu. Asubuhi moja ya baridi nikaamka shingo imekaza kuanzia sikioni hadi begani. Mama mkwe akaniita kutoka zizini. Nikageuka mzima, kwa kuwa sikuwa na namna nyingine.

Akatabasamu. "Sasa umekuwa wa kwetu," akasema, akanimiminia maziwa kabla ya mume wangu.

Kadiri maumivu yalivyozidi, ndivyo sifa zangu zilivyopanda. Wake wengine wa boma waliambiwa waniige. Mama mkwe hakujua kwamba usiku silali. Baba mdogo wa mume wangu, niliyemwambia siri yangu, alijitolea kuinyonga shingo kidogo ikae sawa, kama alivyowahi kumfanyia ndama. Nikamwuliza ndama aliendeleaje.

"Tulimla," akasema.

Nikapanda basi kwenda hospitali ya Haydom. Nilitegemea picha, sindano na mfuko wa vidonge. Nikakutana na binti wa mazoezi tiba, akaniuliza ninavyokaa, ninavyolala, ninavyoshika simu. Akauliza kama nilianguka, kama mikono inakufa ganzi au inakosa nguvu, nikasema hapana. Basi akasema ni misuli tu, imechoka kubeba kichwa kinachoinama kutwa, na kwamba kuogopa kukigeuza kunaikaza zaidi. Akanifundisha kurudisha kidevu nyuma, kugeuka polepole kila upande, kupandisha mabega na kuyaachia. Madaftari yapande mezani, simu ipande usawa wa macho.

"Na dawa?"

"Ndiyo hizo, mwalimu."

Nilirudi nimenuna. Lakini niliyafanya mazoezi yale, nyuma ya nyumba, nimejificha kama mwizi. Siku zikapita, shingo ikalegea. Halafu mama mkwe akaniita kwa nyuma, na kichwa changu, kwa furaha ya kupona, kikageuka peke yake.

"Haydom wamekuharibu," akasema. Maziwa yakarudi kwa mume wangu kwanza.

Iliniuma kuliko shingo yenyewe. Jioni nikamfuata alipokuwa anapepeta maharage, nikapiga goti.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa naumwa shingo. Imepona, ndiyo maana nimejisahau."

Ungo ukasimama.

"Kwani inaponaga?"

Nikamtazama kama yule binti alivyonitazama mimi. Nikamwomba aangalie ng'ombe waliokuwa kushoto kwake. Mabega yakaenda, kiuno kikaenda. Nikamshika mabega kwa upole, nikamwomba tena. Kichwa hakikusogea.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mimba ya mume wako. Ndoo za maji." Akachagua jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Mama mkwe wangu akaniona nageuka mzima. Akaita watu: njooni muone binti mwenye adabu. Sasa ningemwambia nini?"

Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akanikaripia kwa yote mawili.

Tulikwenda Haydom pamoja. Binti hakumwahidi shingo ya msichana; alisema itasogea, akivumilia. Siku hizi nyuma ya nyumba tunajificha wawili, tukirudisha videvu nyuma mbele ya kuku.

Juzi nilimkuta njiani anatoka kisimani. "Shikamoo mama," nikasema nikiwa nyuma yake. Miguu ilibaki palepale. Kichwa kikageuka, kidogo tu, hadi nikaliona jicho lake moja.

"Marahaba," akasema. Kisha akashusha sauti. "Usiwaambie watoto."