Makufuli Mawili kwenye Waya Mmoja

Kichwa cha mume wangu ni kikubwa. Nasema hivyo kwa mapenzi, na yeye mwenyewe hakatai. Tulipokuwa tunatafuta helmeti ya kumtosha tulizunguka maduka ya vipuri ya Morogoro mjini siku mbili, kila muuzaji akimpima kwa macho na kuguna. Iliyomwingia ilikuwa moja tu, nyeusi, ya kufunika mpaka kidevu, na mwenye duka alikiri kwamba imekaa pale muda mrefu bila kupata mwenyewe.

Haikuwa pambo. Mume wangu alikuwa ameanguka na bodaboda akiwa hana kitu kichwani. Walimshona kuanzia juu ya sikio hadi karibu na utosi, akakaa nyumbani miezi minane. Maneno yalirudi, mkono ukarudi, lakini pikipiki hakutaka hata kuisikia ikiwashwa. Na mimi ni bibi shamba, nazungukia wakulima vijijini, pikipiki ndiyo miguu yangu ya kazi. Mwisho tukaelewana: atapanda nyuma yangu tu, na helmeti ile tu. Nilijua kabisa kwamba siku ikipotea hatatafuta nyingine. Atarudi kukaa barazani na kuniambia kwamba hajisikii vizuri.

Kwa hiyo nikawa askari wa helmeti. Mimi si mwepesi wa kuamini watu, na mji ulikuwa umeshanifunza. Helmeti yangu ya kwanza niliitundika kwenye kioo cha pembeni nikaingia sokoni kununua mchicha. Niliporudi nilikuta kioo peke yake. Ya pili niliibana kwenye kulabu ya chini ya siti, ile isiyofunguka mpaka uzungushe ufunguo, nikajiona mjanja. Mwizi hakugusa kulabu. Alikata mkanda kwa wembe, akaniachia kipande kinaning'inia. Sijui aliipeleka wapi, maana helmeti isiyo na mkanda ni sufuria tu. Baada ya hapo nikawa nazibeba zote mbili mikononi, benki, hospitali, mpaka msibani, nakaa mkekani na zile helmeti ubavuni huku wafiwa wananitazama.

Aliyenitoa katika utumwa huo ni fundi wangu wa pikipiki. Alichukua nyaya tatu za klachi zilizokwisha kazi, akazisokota pamoja, akazivisha mpira mwembamba wa maji ili zisikwaruze rangi, kisha akakunja kitanzi kila ncha.

"Dada, usipitishe kwenye mkanda," akaniambia. "Ingizia chini, tokezea usoni, zungusha kwenye keria, halafu piga kufuli. Na mdomo uangalie chini, mvua ikija isikuchotee maji."

Kila ninapopitisha waya ule namwombea heri.

Kila wiki kazi hunipeleka mbele ya Mlali, mahali barabara inapoishia na njia ya miguu inapoanza kupanda milima ya Uluguru. Naegesha mbele ya kibanda cha bibi mmoja anayeuza chai na mihogo. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi wa Tabora, basi ni watani. Utani huu tuliukuta. Wanasema ulianza enzi za misafara, babu zetu walipopita huku na mizigo wakielekea pwani. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako mchana kweupe, nawe hukasiriki, unakikomboa kwa atakachotaka. Ukikasirika umejiaibisha wewe na kwenu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mpagazi. Siku hizi mnabebwa na pikipiki, migongo imechoka?"

"Afadhali sisi tunaotembea. Nyie mlipanda mlimani siku ya mafuriko mkasahau kushuka."

Anacheka, kisha anautazama waya wangu. "Sasa unamfungia nani hivyo? Mwizi hapa ni mimi tu."

Nami nacheka, lakini nafunga.

Siku ninayotaka kuisimulia ndiyo siku mume wangu aliporudi kazini kwa mara ya kwanza, kwenye karakana ya useremala kule Mazimbu. Nilimpeleka asubuhi. Njia nzima alilishika koti langu kwa nguvu hadi kola ikanikaba. Tulipofika akavua helmeti, akanikabidhi.

"Kaa nayo wewe. Hapa watu wengi," alisema. "Saa kumi?"

"Saa kumi," nikamwambia.

Nikaenda zangu Mlali, nikaegesha, nikapitisha waya kwenye helmeti ile, nikapanda kukagua makinga maji ya kikundi cha akina mama wanaolima kabichi. Mwili ulikuwa mlimani, roho iko Mazimbu. Nilimwelekeza mama mmoja kupanda majani ya kuzuia udongo, akanikumbusha kwa upole kwamba ameshayapanda na nimeyakanyaga.

Nilishuka saa tisa. Helmeti ilikuwa pale pale, mdomo chini, lakini kwenye waya kulikuwa na makufuli mawili. Langu dogo, na jingine kubwa la zamani, lenye kutu, nisilolijua. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na gurudumu, amenyoosha miguu.

"Nimeiteka," akasema. "Ukitaka kuikomboa, cheza ngoma ya kwenu. Hapa hapa barabarani."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilimwona akilini mume wangu amesimama getini, saa kumi imepita, anaanza kupata sababu ya kutopanda.

"Bibi, leo sina muda wa upuuzi," nikasema. "Fungua."

Uso wake ukatulia. Alifungua fundo la pindo la khanga, akatoa ufunguo, akafungua kufuli lake, akalishika mkononi. Nikainama kufungua langu. Lilikuwa limetundikwa tu kwenye vitanzi. Sikuwa nimelibana. Kumbe asubuhi niliiacha helmeti ya mume wangu bila kuifunga.

Jirani wa bibi aliyekuwa akichambua maharage pembeni alishindwa kunyamaza. "Walipita vijana wawili na pikipiki, mmoja akaivua, akaijaribu kichwani. Bibi akawapigia kelele, wakaiacha. Ndiyo akaenda kuleta kufuli."

"Kufuli la wapi?" nikauliza.

"La mlangoni kwake. Analo jingine?"

Nikageuka kuitazama nyumba iliyo nyuma ya kibanda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba, kamba ambayo hata kuku angeifungua. Kando yake mikungu mitatu ya ndizi ilikuwa bado imelala kwenye kivuli. Ilikuwa siku ya gulio, na bibi hajawahi kukosa gulio. Ila angeondokaje na kuiacha nyumba wazi? Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile tangu asubuhi, analinda nyumba yake na helmeti yangu kwa macho yake mawili.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikapiga goti.

"Nisamehe, bibi."

"Mtani haombwi msamaha," akasema. "Nimekwambia ucheze."

Basi nikacheza, na mabuti yangu yenye tope, mbele ya kibanda, mtu mzima mwenye shahada. Bibi alipiga makofi, jirani akagonga ungo. Nilipotaka kumpakilia japo mkungu mmoja niupeleke gulioni alinifukuza. "Nenda. Mpagazi haachi helmeti wazi bure, leo una jambo."

Mazimbu nilifika saa kumi na nusu. Mume wangu alikuwa amesimama getini, na macho yake yalitangulia kwenye helmeti kabla ya kunifikia mimi. Akaivaa, akafunga mkanda mwenyewe. Nilimsimulia yote tulipofika nyumbani. Akasema, "Jumamosi nipeleke kwa huyo bibi."

Nilimkumbusha ile barabara ilivyo. Akasema anaijua.

Jumamosi tukaenda, yeye na mfuko wa vifaa vyake na kitasa kipya cha mlango, ili kufuli la bibi liwe huru kufanya kazi nyingine. Kila shimo nilimsikia akivuta pumzi. Hakuniambia nisimame.

Bibi alitupokea mdomo ukiwa tayari. "Ndiye huyu mwenye chungu cha kupikia pombe ya harusi? Vua tuone kilichomo."

Mume wangu akavua. Bibi aliona mshono, na utani ukamwishia. Aliweka chini sinia la mihogo, akafuta mikono kwenye khanga, akamsogelea. Mume wangu, ambaye hata mimi huwa hanipi nafasi ya kuligusa kovu lile, aliinamisha kichwa. Bibi akapitisha kiganja polepole kutoka juu ya sikio mpaka utosini.

"Kumbe siku ile nilikuwa nalinda hiki," akasema.

Mume wangu akampa helmeti amshikie, akaenda kupima mlango.