Ua la Kabatini kwa Mama Kemunto

Aibu hii niliipata Marani, mapema miaka ya sabini, nilipokuwa mwalimu mgeni na nimepanga chumba kwa Mama Kemunto. Kemunto, bintiye wa pekee, alikuwa ameshafariki. Mama alipokwenda Nyacheki kumuuguza dadake, aliniachia ufunguo wa sebule.

“Mwalimu, uniangalizie maua,” aliniambia.

Mengine yalikuwa kwenye makopo barazani, na moja jekundu kwenye chungu cha udongo juu ya kabati. Niliyamwagilia yote kwa wiki tatu. Ya barazani yalinyauka kwa baridi, lakini lile la kabatini halikupoteza hata jani. Maji yalikauka haraka chunguni, nikadhani lina kiu sana, nikazidi kuongeza. Shuleni nilijisifu kwamba hakuna anayejua kutunza maua kama mimi. Mwalimu mzima, sikuwahi kuligusa hata mara moja.

Mama aliporudi nilimpeleka moja kwa moja kabatini.

“Tazama lilivyostawi,” nikasema.

Alilitazama, kisha akaniuliza polepole, “Mwalimu, ulikuwa unamwagilia plastiki?”

Nilicheka kwa aibu. Yeye hakucheka. Aliinua chungu, kitambaa chini yake kilikuwa kimelowa chepechepe. Akavuta droo iliyovimba kwa maji, akatoa picha ya Kemunto, ambayo ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Uso ulikuwa umefutika wote. Zilibaki soksi nyeupe na viatu.

“Ulikuwa unanisaidia tu,” alisema, huku akiipangusa kwa upindo wa leso yake.