Gundi ya Jalada

Alidhani ni nukta. Kisha nukta ikatembea, ikavuka ukurasa mzima wa kitabu cha jiografia bila kujali mito wala milima, ikajichimbia kwenye mshono.

Watu walimwita Jalada kwa sababu ya kazi yake. Alichukua vitabu vilivyochakaa hadi vinaona haya kufunguliwa, akavishona, akavipaka gundi, akavivika majalada mapya. Wakati huo chumbani mwake mlikuwa na vitabu mia na themanini vya maktaba ya shule, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Na sasa katikati ya vitabu hivyo vumbi lilikuwa limeamua kuota miguu.

Chumba chenyewe alikuwa na miezi mitatu tu ndani yake. Alitafutiwa na kaka yake, fundi rangi. Kabla ya hapo alikaa sebuleni kwa kaka huyo miezi minane, mpaka wifi yake akaanza kufagia akimzunguka kama anazunguka kabati. Ndipo kaka akaja na habari njema: chumba kikubwa, rangi mpya, "nimekipaka mwenyewe kwa mkono huu, mdogo wangu."

Basi alipoona wadudu, alimwita yeye. Kaka akasimama mlangoni, hakuingia. Akatazama dari, akatazama sakafu, akatazama viatu vyake.

"Ni gundi yako hiyo," akasema. "Unapika uji wa ngano, unaupaka vitabuni, halafu unashangaa wageni wamekuja kula?"

Akacheka mwenyewe, akaondoka.

Neno lile lilimchoma. Gundi ya Jalada haikuwa uji. Ilikuwa unga wa ngano, chembe ya shabu, na karafuu zilizosagwa ambazo hakuna fundi mwingine aliyezitia. Hata kaka aliwahi kuomba kopo zima, eti anafunika madaftari ya watoto. Lakini kaka ni kaka. Jalada akaimwaga gundi yote, akaanza kutumia ya dukani inayonuka kama ofisi. Na kwa kuwa hakutaka kuitwa mchafu, kila asubuhi aliziosha kuta kwa maji na sabuni, akasugua mpaka mabega yakaomba talaka.

Wadudu wakazidi. Ungedhani walikuwa wakisubiri ndoo.

Wiki hiyo mkutubi wa shule akaja kuona kazi imefika wapi. Alikuwa mwanamume mpole anayenong'ona hata sokoni, kwa mazoea tu. Alipoona kitu cheupe kikipanda mkono wa shati lake, mnong'ono ukamkimbia.

"Dada, hiki ni nini?"

"Ndio wenye nyumba," Jalada akasema. "Mimi mpangaji."

Hakucheka. "Wanakuuma?"

"Bado hawajanionja."

"Ukimminya mmoja, damu inatoka?"

"Hakuna damu. Unga unga tu."

Mkutubi akambandika mmoja kwenye selotepu, akamtazama kwa kioo cha kukuzia. "Si kunguni. Ni chawa wa vitabu. Jina baya tu, hawana haja na kichwa cha mtu. Wanakula ukungu na wanga, na penye ukavu hawaishi. Hawa huwamalizi kwa sumu, unawamaliza kwa kiu. Unyevu unatoka wapi?"

"Mimi naosha kuta kila siku."

Akamwangalia kama daktari aliyemkuta mgonjwa anakunywa ugonjwa kwa kijiko. "Acha kuosha. Tafuta penye maji. Siku kumi, dada. Nikirudi nikikuta hata mmoja, vitabu naviondoa."

Alipotoka, Jalada akavuta kitanda. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge. Akachomeka kisu cha kukatia karatasi, na rangi ikabanduka pande zima. Nyuma ya rangi kulikuwa na karatasi ya kaki, imepigwa mistari ya penseli kwa vipimo anavyovijua. Mistari ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Nyuma ya karatasi kulikuwa na ukungu mweusi, wadudu wasiohesabika, na harufu ya karafuu.

Akakaa chini sakafuni. Kumbe kaka hakudanganya: ilikuwa gundi yake kweli. Aliukuta ukuta unalia maji, akauziba mdomo kwa mabaki ya karatasi za dada yake na kopo la gundi la dada yake, akapiga rangi juu. Kisha akamleta dada mwenyewe alale ubavuni pake.

Akachukua kipande cha karatasi ile, akamkuta kaka juu ya ngazi, anapaka duka.

"Shuka."

"Nina rangi mikononi."

"Shuka, au nitikise ngazi."

Akashuka. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, utadhani ina maandishi. "Bomba la jirani linavuja kwa nyuma. Nilijua watalitengeneza."

"Ulijua."

"Wifi yako alikuwa amefika hapa." Akagusa koo. "Ningekwambia ukuta mbovu, ungehama?"

"Ungeniambia nimewachosha, ningelala hata stoo! Kila asubuhi nasugua ukuta wako. Nimemwaga gundi yangu. Na wewe mlangoni unanicheka kwa habari za uji."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nitakuja nikupigie koti mbili za rangi…"

"Koti za nini? Njoo na patasi."

Alikuja, tumpe haki yake. Alibandua plasta mpaka tofali likaonekana, akamsumbua mwenye nyumba mpaka bomba likazibwa. Madirisha yalishinda wazi. Vitabu vilisimamishwa uani kivulini, kurasa zimetanuka, vikipigwa na upepo. Kaka alijaribu mizaha. Ikaanguka sakafuni pamoja na plasta. Akisema "mdogo wangu," anajibiwa, "Ndoo hiyo hapo." Jalada akapika gundi upya, karafuu mara mbili.

Siku ya kumi mkutubi akatandika shuka jeupe, akakung'uta vitabu kimoja kimoja. Hakuna kilichotembea. Akabandika selotepu ukutani, ikatoka na vumbi tupu, vumbi lenye adabu. Mnong'ono ukarudi.

"Safi. Endelea na kazi, dada." Akageuka, akamwona mwanamume mlangoni, ndoo ya vifusi mkononi, madoa ya rangi kwenye nywele. "Na huyu mwenzetu?"

"Fundi rangi," Jalada akasema.

Kaka akabaki na ndoo yake, ameinamisha kichwa kidogo, anasubiri sentensi iendelee. Jalada akavuta kitabu kingine, akachovya brashi.