Uji wa Tende wa Nyumba Nzima

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, katika mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nilipotumwa dukani kununua chumvi nikamkuta baba mkwe wangu mahali ambapo hakutarajiwa. Alikuwa amekaa mkahawani, kando ya barabara ya Msambweni, na mbele yake kikombe cha chai ya maziwa na mahamri mawili juu ya karatasi. Chai yenyewe ilikuwa ya sukari, ile ambayo midomo hubaki ikinata. Nami asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwandalia uji nyumbani.

Baba mkwe wangu, Mzee Bakari, alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia alikuwa na kidonda kilichokataa kupona, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba sukari isiposhuka mwilini, mguu ule utakatwa. Mkewe, Mama Riziki, alimpenda mno, na hofu ikayageuza mapenzi yake kuwa amri. Siku waliyotoka hospitali alinunua sufuria ndogo, bakuli lenye kifuniko na chupa ya chai ya mgonjwa peke yake. Akaniagiza mimi, mke mpya wa mwanawe Hamisi, kwamba chakula cha Baba kipikwe mbali na chetu. Yeye alipewa uji mtupu na chai ya rangi isiyotiwa kitu. Sisi tuliendelea na kaimati za shira, tambi za sukari na chai tamu. Tulikula ndani, kwenye mkeka. Yeye aliletewa bakuli lake barazani, na harufu ya iliki ikimfuata huko huko.

Basi pale mkahawani aliniona, wala hakukificha kikombe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikawa sijui niyaweke wapi macho yangu. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Mwanamisi, mwanangu, usidhani nimefuata sukari tu. Hapa nakula na watu."

Nilirudi nyumbani na chumvi yangu, sikumwambia mama mkwe, maana nyumba ingewaka moto. Lakini kila nilipoinjika ile sufuria ndogo, neno lile lilinirudia.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Haukupita muda, Shangazi Mwanasiti, dada mkubwa wa baba mkwe, akaja kutoka Gazi kumtazama ndugu yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mizinga ya nyuki kule karibu na mikoko, na alikuja na chupa ya asali kama zawadi. Wakati wa chakula cha mchana aliliona bakuli lenye kifuniko likipelekwa nje. Akauliza, akaelezwa. Hakubishana na mtu. Aliinuka na sahani yake, akaenda kukaa barazani, ubavuni mwa ndugu yake, wakala pamoja.

Baadaye aliniita uani nilipokuwa nikiosha vyombo. Aliniuliza inakuwaje mtu anayerudisha bakuli karibu limejaa kila siku haonekani kuwa na njaa. Mbele ya mkubwa kama yule sikuweza kusema uongo. Nikamwambia habari ya mkahawa, na neno la Baba nililisema kama alivyolisema.

Alasiri ile alituita sote. Hakupandisha sauti, lakini mpaka leo nayasikia maneno yake.

"Wifi yangu," alimwambia Mama Riziki, "sahani ya peke yake hupewa mgeni, na mgeni siku yake ya kuondoka inajulikana. Huyu ni mwenye nyumba. Na kama chakula chake ndicho chenye afya, mbona nyinyi mnakikimbia?"

Mama Riziki alianza kulia. Alisema anaogopa mguu, na kila akikifunga kidonda huona msumeno. Shangazi akamshika mkono.

"Basi tuogope pamoja," akasema, "na tule pamoja."

Kesho yake Shangazi hakuingia jikoni kwanza. Alitupeleka zahanati kumwuliza muuguzi, kwa kuwa, alisema, mapishi ya kubahatisha ni ya ngoma, si ya mgonjwa. Muuguzi alitueleza kwa upole kwamba asali na tende nazo ni utamu unaoingia damuni. Atakayezimimina kama sukari atakuwa amebadilisha jina tu. Zitiwe kidogo, unga usiwe wa kukobolewa, mboga na kunde zizidi, na vidonge visiachwe hata siku moja. Tuliporudi, Shangazi, mwenye nyuki wake mwenyewe, aliipandisha ile chupa ya asali juu kabisa ya kabati. Maana mchovya asali hachovyi mara moja.

Ndipo tukaanza. Sikufichi, mwanangu, mwanzo ulikuwa mgumu. Mkate wa kumimina wa kwanza tulioupika kwa ndizi mbivu badala ya sukari uling'ang'ania sufuria, ukatoka vipande vipande, tukaula kwa kijiko. Mawifi zangu wadogo waliusukuma uji kando na kununa. Hamisi aliporudi kutoka kazini Galu, akapewa chai, alikunywa funda moja akaniangalia kwa huruma, kama aliyedhani nimesahau sukari. Na Mama Riziki, aliyekuwa akitusimamia sote, nilimfumania siku moja nyuma ya mlango wa stoo akilamba kijiko cha sukari. Tulitazamana, kisha tukacheka mpaka tukakaa chini. Mazoea yana taabu.

Shangazi alitufundisha kwamba ulimi haupigwi kofi, hubembelezwa. Sukari ya chai tuliipunguza kidogo kidogo, na pale ilipotoka tukatia tangawizi, iliki na mchaichai. Maboga tuliyapika kwa tui jepesi, bila kuyaongezea kitu, tukagundua kwamba siku zote yalikuwa matamu na sisi hatukuwahi kuyasikia. Tende chache tulizilowesha, tukaziponda, tukazikorogea katika uji wa wimbi wa nyumba nzima. Sufuria ikawa moja, mkeka mmoja. Ile sufuria ndogo Mama Riziki aliifanya ya kuchotea maji.

Asubuhi tulipoupata uji ule sawasawa, Mama Riziki alitoka mwenyewe barazani kwenda kumwita mumewe. Baba aliingia akijikongoja, akakaa katikati ya wanawe. Alikunywa bila kusifu. Kisha akanyoosha kikombe aongezwe kidogo.

"Nani amepika?" akauliza.

"Tumepika sote, Baba," nikamjibu.

Akatikisa kichwa. "Basi yule wa mkahawani ataniuliza nimehamia wapi."

Mama Riziki alijifanya hakusikia, lakini nilimwona akigeukia ukuta na kujifuta uso kwa ncha ya leso.

Kidonda hakikufunga kwa muujiza. Dawa zilifanya kazi yake, chakula kikafanya yake, na moyo wa mtu anayekula na wenziwe nao ulifanya yake. Kilikauka polepole, na daktari akaacha kutaja kisu. Baba aliishi akazeeka, na ndiye aliyemfundisha kitinda mimba wangu kutembea, wakizunguka ua pamoja, Baba kwa miguu yake miwili.

Sasa nawe, mwanangu, umeniambia unataka kuitoa sukari nyumbani kwako, maana watoto wameizoea soda kama maji ya mtungi. Umefikiri vyema. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini usianze kwa kupokonya. Anza kwa kupunguza, na kila unachoondoa weka kingine chenye ladha mahali pake. Ndizi ikiiva sana usiitupe, hiyo ndiyo sukari yako. Usidanganyike kwamba kitu kikitoka mtini au mzingani hakina kiasi chake. Mwenye ugonjwa na amsikilize daktari kwanza, bibi baadaye. Na zaidi ya yote, usimpikie mmoja dawa na wengine karamu. Kinachomfaa mgonjwa wenu kiwe chakula chenu.

Nenda, mwanangu. Mola akujaalie jiko lisilokosa moto na mikono isiyochoka kupakua. Awape watoto wako damu safi na usingizi mwema, nawe akupe uzee mrefu, wa kutafuna kwa meno yako mwenyewe. Amina.