Jogoo Wangu Mbele ya Madhabahu

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu kwenye kambi ya magereza hapa Mbale, nilihubiri juu ya makuhani wa Israeli.

"Walikagua kila mnyama!" nikafoka. "Mwenye kilema alirudishwa. Wewe unamletea Mungu nini?"

Waumini wakainamisha vichwa. Mimi jasho likanitoka. Kati ya sadaka zilizosubiri mnada alilala jogoo wangu kiwete, miguu imefungwa kamba, kilema hakionekani. Nikakatisha mahubiri haraka.

Mchungaji akasimama. "Afande ametufundisha vizuri. Basi leo tukague." Akaanza kufungua kamba. Nikatazama dari, nikatazama saa, nikatazama mlango.

"Huyu anachechemea. Ni wa nani?"

Jogoo akapita katikati ya watu, akaja kusimama miguuni pangu, kama afanyavyo kila asubuhi akitaka mahindi.